Gari Jeupe Nyuma ya Bi Genya

Mwatumu hakuwa mwongo, ila siri ilikuwa haimkai. Umpe siri asubuhi, mchana inamuwasha ulimi, na magharibi ikiingia keshaitoa kwa mtu mmoja tu, mtu wa kuaminika, tena keshamwapisha. Huyo mtu mmoja siku zote alikuwa Hamdiya. Na Hamdiya, Mzanzibari aliyekaa Euless, Texas, karibu na eapoti, kwenye nyumba ambayo mlango wake haujui kufungwa, naye alikuwa na mtu wake mmoja wa kuaminika, na huyo alikuwa na wake. Habari ikitoka kwa Mwatumu Grand Prairie Ijumaa, Jumamosi inasikika Houston imeshavikwa na mapambo.

Sasa mtu kama huyo ndiye aliyepangiwa kumtunza Bi Genya.

Bi Genya alikuwa mzee wa Kipoland, jina lake kamili Genowefa, miaka sabini na minane. Mwembamba kama kijiti cha mshikaki, nywele nyeupe kazikata kiume, jicho moja limeshazimika na la pili linaona kwa ajili ya yote mawili. Akiwa msichana wa miaka kumi na minane, Wajerumani wameukalia mji wao wa Warsaw, alikuwa mpeleka ujumbe wa wapiganaji wa chinichini. Ujumbe ndani ya soli ya kiatu, ujumbe ndani ya mkate, ujumbe kichwani bila karatasi. Mji ulipoinuka kupigana alipita na ujumbe kwenye mitaro ya maji machafu chini ya ardhi, maadui wakitembea juu yake. Kazi hiyo ilimfundisha jambo moja ambalo hakuliacha tena: mdomo ni wa kulia chakula.

Baadaye aliolewa na mhandisi aliyemleta Texas. Mhandisi akafa mapema, naye akaanzisha vita vyake mwenyewe. Miaka ya sabini ungemkuta Austin mbele ya bunge na bango, anadai mwanamke alipwe sawa na mwanamume. Alifungua nyumba ya kuwaficha wanawake wanaopigwa na waume zao, na mpaka leo hakuna ajuaye ilikuwa mtaa gani. Uzeeni akabaki na kazi moja, kufundisha wanawake kuendesha gari.

Mwatumu mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake. Siku ya kwanza alishushwa kazini na mumewe, Abdulhafidh, aliyekuwa akisema, "Wewe na presha yako, gari la nini?" Siku ya pili Bi Genya akamtoa jikoni, akamkalisha nyuma ya usukani kwenye uwanja mtupu wa kanisa, akamwambia, "Kanyaga." Wiki ya sita Mwatumu akapata leseni. Abdulhafidh alizipata habari hizo kwa kinyozi. Alisusa siku mbili, siku ya tatu akaomba apelekwe kazini.

Mwatumu na Bi Genya walizungumza Kiingereza, kila mmoja cha kwao, na kwa vile walikivunja mahali tofauti, walielewana vizuri sana.

Mwisho wa Julai mwaka 2004, Mwatumu akimpaka mafuta ya miguu, Bi Genya akasema, "Tuma, Jumapili huna kazi. Nipeleke Houston."

"Kuna nini Houston, Bibi?"

Bi Genya akainuka kwanza akafunga dirisha, kana kwamba majirani zake, Wamexico wenye mbwa watatu, walikuwa na hamu ya kusikia. Ndipo akasema.

Wapoland wa Houston walikuwa na ukumbi wao, na kila tarehe mosi Agosti, saa kumi na moja jioni, saa ile ile Warsaw ilipoinuka, hukutana humo. Husimama kimya dakika moja. Kisha waliopo huwataja waliokufa, na kanuni ni moja: mtu mmoja, jina moja. Kanuni hiyo aliitunga mwenyekiti, Bwana Walenty, askari wa zamani, ili shughuli isiende mpaka kesho yake. Wenye watoto na wajukuu hawakupata shida. Waliwatawanya ukumbini, huyu akamtaja babu, yule akamtaja shangazi, wafu wote wakapata wa kuwataja.

"Kikosi changu walikufa wasichana kumi na mmoja," alisema Bi Genya. "Hakuna aliyeacha mtoto. Mimi pia sikuzaa."

Miaka kumi nyuma alisimama ayataje majina yote kumi na moja mwenyewe. Alipofika la tatu, Bwana Walenty alimwashiria mpiga kodiani, kodiani ikalia wimbo wa taifa, na watu wote wakaimba juu ya sauti yake. Alichukua mkoba wake akatoka. Hakurudi tena.

"Na sasa?"

"Sasa ni mwaka wa sitini. Na ukumbi umeuzwa, utageuzwa ghala la matairi. Hakutakuwa na mwaka mwingine." Akautazama mguu wake unaong'aa mafuta. "Nimejipima kwa saa ya jikoni. Nikienda mbio, yote kumi na moja ni sekunde kumi na nne. Kodiani mpaka aifungue, nimemaliza. Lakini Walenty asijue kama naja. Akijua, atamkalisha yule mtu wa kodiani karibu yangu. Usimwambie mtu, Tuma."

"Nani, mimi?" alisema Mwatumu, na wakati huo alikuwa anamaanisha.

Siri ilikaa siku mbili kamili, na hilo lenyewe lilikuwa jambo la kusimuliwa. Ijumaa alikwenda kwa Hamdiya. Nyumba imejaa, watoto wanajibizana Kiingereza sebuleni, wanawake wametanda mkeka mzima. Mwatumu akaingia jikoni kusaidia kumenya vitunguu thomu.

"Una jambo wewe," alisema Hamdiya bila kugeuka.

"Sina."

"Thomu moja waimenya mara tatu, shoga. Sema."

Mwatumu akasema. Alisema kwa sauti ya chini, akaanzia mitaroni Warsaw akamalizia ghala la matairi, na Hamdiya akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Atakwenda na nani?"

"Na mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na yeye."

Hamdiya alimtazama kama mtu aliyeambiwa bibi harusi anakwenda kwa mumewe kwa miguu. "Watu wawili. Miaka sitini, siku kubwa kama hiyo, mzee wa watu aingie ukumbini na mtu mmoja. Wewe Mwatumu, na wewe umetoka Mombasa kwenye watu? Ndugu zake wako wapi?"

"Hana ndugu. Na ni siri, Hamdiya. Wallahi ni siri."

"Siri nimeisikia," alisema Hamdiya akiuchukua tena mwiko. "Hiyo aibu ndiyo nafikiria ntaiweka wapi."

Jumapili saa nne asubuhi Bi Genya alikuwa kwenye kiti cha mbele cha Corolla ya kijivu ya Mwatumu, kavaa gauni la buluu na utepe mwekundu na mweupe mkononi, mkongojo katikati ya magoti. Joto la Texas lilikuwa limeshaamka zamani. Mwatumu hakuwa amelala. Hamdiya alimpigia alfajiri: wako wanane pamoja naye kwenye gari lake jeupe lile la viti vingi, biriani imefungwa blanketi, na Mwatumu amjulishe bibi taratibu njiani. Mwatumu alisema sawa. Alipanga kusema Dallas. Dallas ikapita. Akapanga kusema Ennis.

Walipoipita Ennis, Bi Genya alisema, "Tuma. Usigeuke."

"Nini, Bibi?"

"Gari jeupe. Liko nyuma yetu tangu tulipoingia barabara hii."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema, na Mwatumu alijua, akafungua mdomo na kilichotoka ni, "Hii barabara ya foti-faivu, Bibi. Kila mtu anakwenda Houston."

"Tutaona. Simama kwenye mafuta hapo mbele."

Wakasimama. Gari jeupe nalo likaingia, likaegeshwa mbali kwenye kivuli cha lori. Hakushuka mtu. Kumbe ndani Hamdiya alikuwa amepiga marufuku mtu kuteremka, mzee asije akashtukizwa kabla ya wakati, na Prudensia, muuguzi wa Kihaya anayekaa Garland, alikuwa anamsihi kwa machozi amruhusu aende chooni.

"Umeona?" alisema Bi Genya. "Wamesimama na hawanunui kitu. Walenty amepata habari. Endesha. Ukifika Corsicana, toka barabara kuu bila kuwasha taa."

Kwenye mkoba wa Mwatumu simu ikaanza kulia.

"Usipokee. Inaweza kuwa wao."

Na walikuwa wao.

Lililofuata Mwatumu alilisimulia baadaye kwenye kila kikao alichokaa, na kila mara liliongezeka kona. Bi Genya alikaa wima, jicho lake kwenye kioo cha pembeni, akitoa amri kwa sauti ambayo Mwatumu hakuwahi kuisikia, sauti ya msichana. Kulia. Kushoto. Punguza, waache wakaribie. Sasa kanyaga. Wakatoka kwenye lami nzuri wakaingia mbovu, wakapita ng'ombe, wakapita kanisa la mbao, wakapita shamba la pamba, wakapita kanisa lile lile tena. Nyuma yao gari jeupe liliyumba na abiria wake na biriani yake, likipotea kwenye kona na kutokea tena, kwa sababu Hamdiya naye alifundishwa gari kwenye uwanja ule ule na mwalimu yule yule.

"Wanaijua kazi yao," alisema Bi Genya, na kidogo alionekana kuwaheshimu.

"Bibi, tutachelewa."

"Tukifika nao nyuma ndiyo tumechelewa. Ingia hapo."

Hapo palikuwa njia ya udongo, na njia ya udongo ikaishia kwenye geti la ng'ombe lililofungwa mnyororo. Mwatumu akazima gari. Ilikuwa saa saba na nusu. Houston ilikuwa mbali saa tatu nzima, na nyuma yao vumbi lilikuwa linakuja.

Bi Genya akafungua mkanda wake. Akaunyoosha utepe mkononi, akashika mkongojo.

"Nitashuka niwazuie kwa maneno," alisema. "Wewe pita kando ya ua, nenda ukatafute nyumba. Wakiniuliza, mimi sikujui. Sijawahi kukuona."

Mwatumu alimtazama bibi wa watu, uzito wake haufiki gunia la mchele, anajiandaa kupigana na Hamdiya kwa ajili yake. Akashindwa kuvumilia.

"Bibi, kaa. Hao si watu wa Walenty. Hao ni wangu."

"Wako?"

"Hamdiya, na Prudensia, na wengine unawajua. Nusu yao umewafundisha gari. Nilimwambia Hamdiya. Mmoja tu."

Gari jeupe likasimama nyuma yao. Hamdiya akateremka, mtandio umemkaa upande, anakuja na maneno yake, "Mnamkimbia nani nyie? Mchuzi wote uko sakafuni," ila Mwatumu akamwinulia kiganja kupitia dirishani, na Hamdiya kwa mara moja maishani mwake akasimama na kungoja.

Bi Genya alikuwa anatazama geti.

"Mwezi wa Juni, kabla ya vita vya mtaani kuanza," alisema, "alikuwepo msichana kwenye kikosi, Halszka. Alikuwa aje nyumba fulani Alhamisi, na mzigo. Rafiki yake alikuwa na furaha kwa sababu Alhamisi ilikuwa pia siku yake ya kuzaliwa. Akamwambia binamu yake, mmoja tu, kwamba Halszka atakuja. Binamu akamwambia fundi wa nguo. Alhamisi Wajerumani wakawa wanamngoja kwenye ngazi."

Nzi aliingia garini akatoka.

"Kwa nia nzuri," alisema Bi Genya. "Furaha tupu."

Mwatumu alitaka kuomba radhi. Badala yake akauliza kitu ambacho mtu mwenye adabu asingeuliza, ila yeye alikuwa Mwatumu. "Na huyo rafiki, aliyesema, alikuwa nani?"

"Mimi."

Nje Hamdiya alikuwa anahamisha uzito mguu huu kwenda huu.

"Ndiyo maana jina lake naliweka la mwisho," alisema Bi Genya. "Mara ile sikulifikia." Kisha, kwa sauti yake ya kawaida, "Hawa wanawake wanataka nini?"

"Hawataki kitu, Bibi. Kwetu mtu haendi kwenye jambo lake peke yake. Akienda peke yake aibu si yake, ni yetu. Wamekuja kukujazia."

"Kunijazia."

"Uwe na watu nyuma yako. Basi. Na wamepika."

Bi Genya akageuka taratibu akalitazama gari jeupe. Nyuso zilikuwa zimebanana kwenye vioo. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na Prudensia alikuwa ametokea nyuma ya kichaka, uso umetulia kabisa.

"Wangapi?"

"Wanane."

"Na wewe tisa. Na mimi kumi." Midomo ya bibi ikaendelea kwenda bila sauti. Kisha akaushika mkono wa Mwatumu kwa nguvu zilizomshangaza. "Tuma. Mtu mmoja, jina moja. Kanuni haisemi lazima awe Mpoland."

Mwatumu alichukua kitambo kulipata, na alipolipata akafungua mlango akapiga ukelele mmoja wa kumwita Hamdiya uliomwinua kila ng'ombe aliyelala.

"Tunataka mmoja zaidi," alimwambia. "Wa kumi na moja. Yuko nani Houston?"

"Fortunée," alisema Hamdiya papo hapo. Kisha akaangalia viatu vyake. "Ila huyo, shoga, keshajua. Nilimwambia jana anitafutie mahali pa kupasha chakula."

"Fortunée ni nani?" aliuliza Bi Genya.

"Mkongo mmoja," alisema Hamdiya. "Mtu mzuri sana. Anamtunza mama mmoja mgonjwa wa kiti cha magurudumu, huko huko kwa Wapoland wenu. Mume wa huyo mama ndiye mkubwa wa ukumbi."

Mwatumu akafumba macho. Basi habari yao ilikuwa imelala usiku nyumbani kwa Walenty mwenyewe.

Lakini Bi Genya alianza kutetemeka mabega, na Mwatumu akadhani ni moyo, kumbe ni kicheko. "Mimi nimezunguka mashamba saa mbili nzima," alisema, "na Walenty anajua tangu jana. Vizuri. Atakuwa ameongeza viti."

Wakagawana majina pale pale getini. Bi Genya alipita na mkongojo wake, akamwita kila mwanamke pembeni, akamnong'oneza jina moja sikioni, akamtaka alirudie mara tatu. Irmina Sowa. Apolonia Rybak. Ludwika, Bogna, Felicja. Hamdiya alitaka kuandika lake kiganjani.

"Hakuna kuandika."

"Bibi, kichwa changu kina watoto wanne."

"Hakuna kuandika. Na usimwambie mwenzako. Kila mmoja anajua la kwake tu, mpaka saa kumi na moja. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi."

Kwa wanawake wale hii ilikuwa adhabu. Prudensia alisimulia kwamba ndani ya gari jeupe, kutoka Corsicana hadi Conroe, palikuwa kimya kama chumba cha mtihani, kila mmoja anatafuna jina lake, na Lubna, wifi yake Hamdiya, msichana wa miaka ishirini, akikodoa macho kila mtu akifungua mdomo. Mwatumu alipewa Lucyna Dudek. Alipewa na jingine la kumfikishia Fortunée, na hilo nusura limtoboe shavu.

Saa kumi na dakika hamsini na mbili waliteremka mbele ya ukumbi. Bwana Walenty alikuwa mlangoni, medali kifuani, mkubwa wa mwili, masharubu kama brashi ya viatu. Pembeni mkewe kwenye kiti cha magurudumu, na nyuma ya kiti mwanamke mnene wa Kikongo aliyevaa kitenge, hajui aangalie wapi.

"Genowefa," alisema Bwana Walenty. "Nimesikia unakuja na jeshi."

"Na chakula," alisema Bi Genya.

"Kanuni ni ile ile."

"Kanuni naijua, Walenty. Nimelala nayo miaka kumi."

Wakati wanatazamana, Mwatumu alipita nyuma ya kiti.

"Mama, miye nilizungumuza tu kidogo na Madame," Fortunée alinong'ona haraka. "Sikujua kama atazungumuza na bwana yake."

"Achana na hayo. Shika hili." Mwatumu akamtilia jina sikioni. "Salomea Wilk. Kimya kikiisha, simama ulitaje. Usimwambie mtu."

"Hata Madame?"

"Hata Madame."

Ukumbi ulikuwa na wazee kama arobaini, watoto wao, wajukuu wanaotazama saa. Nyuma, safu mbili za viti vitupu, vipya, zimepangwa. Walenty alikuwa ameongeza kweli. Wakakaa na mabuibui yao na vitenge vyao, na mpiga kodiani, mzee mwenye kofia, akaletwa akakalishwa hatua tatu kutoka kwa Bi Genya.

Saa kumi na moja king'ora kikalia kutoka kwenye kaseti. Wote wakasimama. Dakika ile Mwatumu hakuwaza vita, hakuwajua watu wale. Aliwaza Lucyna Dudek, Lucyna Dudek, na ngazi asizowahi kuziona.

Kisha majina yakaanza mbele. Wajukuu wakawataja mababu, kila mmoja lake, safu kwa safu, mpaka zamu ikafika nyuma. Bwana Walenty akainua mkono kidogo. Mzee wa kodiani akaweka vidole tayari.

Prudensia ndiye aliyeanza, kwa sauti yake ya kwaya. "Irmina Sowa." Vichwa vikageuka. Hamdiya akafuata, akalitamka lake kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Akafuata mwingine, na mwingine. Kila mmoja moja tu. Mkono wa Walenty ukabaki hewani, haupandi haushuki, kwa sababu kanuni ilikuwa inafuatwa kuliko ilivyowahi kufuatwa. Kutoka nyuma ya kiti cha magurudumu ikatoka, "Salomea Wilk," na Madame akageuza shingo kumtazama mtumishi wake kama amemwona leo. Mwatumu akataja lake.

Ikafika kwa Lubna, na Lubna akanyamaza.

Midomo ilikuwa wazi. Macho yakamzunguka, akamtazama Hamdiya, Hamdiya akamtazama Mwatumu, na hakuna aliyeweza kumsaidia, kwa maana hakuna aliyelijua ila yeye na Bi Genya, na Bi Genya alikuwa na ruhusa ya jina moja. Mzee wa kodiani akavuta pumzi ya chombo chake, kikatoa mlio mdogo. Bi Genya hakugeuka. Alikuwa ameshika mkongojo kwa mikono miwili, anangoja, kama alivyowahi kungoja watu mahali ambapo mtu hatakiwi kuita.

Lubna akafumba macho. Akaanza kujiyumbisha, taratibu, kama watoto wanavyofanya kwenye chuo cha Kurani wakitafuta aya iliyowatoka. Mara ya tatu ya kuyumba ikaja. "Felicja," alisema. "Felicja Zaruba." Akakaa chini.

Likabaki moja.

Bi Genya alikuwa amejipima sekunde kumi na nne za mbio kwa yote, na sasa alikuwa na jina moja na wakati wote wa dunia, na sauti haikuja. Mwatumu alisogea akasimama nyuma yake kabisa, kifua chake kinagusa mgongo ule mwembamba. Wengine wakasogea. Hakuna aliyewaambia.

"Halszka Morawa," alisema Bi Genya. Alilisema polepole, kila herufi.

Bwana Walenty akashusha mkono. Mzee wa kodiani akavua kofia.

Baadaye biriani ililiwa, iliyobaki. Wazee wa Kipoland wakagundua kababu, na mmoja akamfuata Hamdiya mara nne kuuliza kama zimekwisha. Bwana Walenty alikuja na sahani yake akasimama mbele ya Bi Genya.

"Miaka yote hii," alisema, "mbona hukuniambia una watu?"

"Sikuwa nao," alisema Bi Genya. "Wamepatikana Ijumaa."

Meza nzima ilikuwa inamtazama kwa hamu nyingine. Hamdiya ndiye aliyeuliza, kwa unyenyekevu usio wake. "Bibi, haya majina. Bado ni siri? Maana hapa kuna watu tutalala na homa."

Bi Genya akaweka uma chini. Akamtazama Mwatumu, si Hamdiya.

"Hapana," alisema. "Sasa mwambieni kila mtu. Na jina la Halszka litajeni mlivyolisikia kwangu. Na nani aliitoa siri yake, muacheni Tuma aseme. Anajua kulieleza jambo."

Mwatumu alitafuta kiti akakikalia.

Kurudi, Bi Genya alikataa Corolla. Alisema anakwenda na wenye maneno. Akapandishwa gari jeupe, katikati ya Lubna na Prudensia, na Mwatumu akabaki nyuma yao peke yake na masufuria matupu, jua la Texas linashukia kioo cha kushoto. Walikuwa wameipita Conroe aliposikia simu. Mara hii akapokea.

"Shoga," sauti ya Hamdiya ilikuwa inapambana na vicheko, "Bi Genya asema kuna gari la kijivu linatufuata tangu Houston. Auliza tulipoteze?"